Anayepika Huonja Kwanza: Juu ya Kushirikiana Pombe ya Nyumbani Uchagani

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi mmoja, aliyekuwa katika mafunzo ya vitendo usharikani kwenye miteremko ya Kilimanjaro, alitujia na jambo lililomsumbua. Alikuwa amefuatana na mzee wa kanisa kumtembelea mama mjane, ambaye siku hiyo alikuwa akiwashukuru kwa pombe ya mbege majirani waliomsaidia kupalilia shamba. Mama yule aliteka pombe kwa kata, akanywa funda moja mbele ya wageni, akaufuta ukingo wa kata kwa kiganja, kisha akamnyoshea mgeni wake kwa mikono miwili. "Karibu, mwanangu mchungaji," akasema. Mwanafunzi hakunywa pombe tangu ujana wake, na kwa hilo hatuna neno juu yake. Lakini alitaka kulifanya tukio lile kuwa fundisho, akajibu kwa sauti iliyosikika na wote, "Mama, mimi sinywi sumu." Watu wakanyamaza. Mzee wa kanisa akainamisha kichwa. Mama akaichukua kata yake akaingia nayo ndani, na tangu Jumapili iliyofuata hakuonekana tena kwenye Meza ya Bwana.

Mwanafunzi alidhani mama amechukizwa kwa kuwa amekemewa juu ya ulevi. Kumbe mama alisikia neno jingine kabisa. Alisikia akiitwa mwuaji, mbele ya majirani zake, nyumbani kwake mwenyewe, dakika ileile alipokuwa amekwisha kuthibitisha kwa kinywa chake kwamba yeye si mwuaji. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa nini ilikuwa hivyo: mbege hupikwaje, kwa nini ni lazima igawanywe, na tendo la kuonja mbele ya mgeni lina maana gani. Suala la kama Mkristo anywe au asinywe limekwisha kuandikwa mara nyingi, nasi tutaligusa tu pale linapotukuta njiani.

Pombe isiyokaa

Mbege ni jina la Kichaga la ulezi, na kwa nafaka hiyo pombe yote imepata jina lake la Kiswahili, ijapokuwa sehemu kubwa ya kinywaji ni ndizi. Wazee wenyewe, wazungumzapo kwa lugha yao, huiita wari. Ndizi zilizokomaa huvundikwa siku kadhaa mpaka ziive kabisa. Humenywa, zikachemshwa kwa maji katika chungu kikubwa au pipa kwa saa nyingi, hata rangi yake ikageuka kuwa ya hudhurungi iliyoelekea wekundu. Kisha hupozwa na kufunikwa, zikaachwa zichachuke kwa siku kadhaa, kadiri ya ubaridi wa mahali. Maana huko juu karibu na msitu mambo huenda polepole kuliko tambarare. Ndizi zilizokwisha kuchachuka hivyo huitwa nyalu. Hakuna hamira inayonunuliwa dukani. Hamira ya asili imo katika ndizi, hewani, na zaidi sana katika vyombo vilivyokwisha kutumika mara nyingi, ndiyo maana mpikaji hapendi kuazima pipa geni.

Wakati nyalu inachachuka, ulezi huloweshwa, ukafunikwa mpaka uchipue, ukaanikwa juani na kusagwa. Hicho ndicho kimea. Kimea hupikwa uji, na uji ukipoa huchanganywa na maji ya nyalu yaliyochujwa. Gome la msesewe, mti ambao wataalamu wa mimea huuita Rauvolfia caffra, hutwangwa na kutiwa kwa kipimo. Hilo ndilo linaloleta uchungu unaozuia utamu wa ndizi usikinaishe. Msesewe ukipungua, pombe hufanana na uji wa watoto, ukizidi, hainyweki. Usiku mmoja ukishapita, pombe iko tayari.

Katika safari hii yote hakuna mizani wala kipimajoto. Kipimo ni ulimi. Mpikaji huionja nyalu ili ajue kama imefikia, huuonja uji kama umepoa, huonja tena baada ya kutia msesewe, na alfajiri huonja kabla hajamwita mtu. Tumeona mara nyingi mama aliyebobea akiitwa na jirani zake waliolewa karibuni, aje aonje tu na kusema neno moja: bado, au imefika, au imepita. Neno hilo hupokelewa bila ubishi. Ujuzi huo haukuandikwa popote. Mkwe huupokea kwa mama mkwe, na mtu asiyekaa jikoni hawezi kuupata hata akisoma makala haya mara saba.

Jambo la kuangaliwa sana ni hili, kwamba mbege haikai. Siku ya kwanza ni laini na ina utamu. Siku ya pili ina nguvu. Baada ya hapo huwa chachu, na mwisho hufaa kwa nguruwe pamoja na machicha yake. Wala haiwezekani kuipika kidogo kwa faida, kwa kuwa kazi ya siku nane au kumi ni ileile kwa pipa zima kama kwa mtungi mmoja. Basi mwenye pombe ana kinywaji kingi kuliko awezacho kunywa na watu wa nyumbani mwake, nacho kitaharibika kesho kutwa. Afanye nini ila awaite majirani? Nao majirani, wiki ijayo au mwezi ujao, watamwita yeye. Msomaji atakumbuka mana ya Kutoka sura ya 16, iliyooza kwa wale waliotaka kuilimbikiza. Hatusemi kwamba mbege ni mana; twasema tu kwamba chakula kisichowekeka huwafundisha watu desturi za namna yake, na desturi ya kushirikiana pombe huko mlimani haikutokana na ukarimu mtupu wa moyo. Ilitokana pia na pipa.

Ndiyo sababu mbege iliingia katika kila shughuli inayowakusanya watu. Kazi ya ujima hulipwa kwa pombe. Posa na mahari haziendi bila mitungi ya pombe kupelekwa kwa wazazi wa binti. Waliogombana wakitaka kupatana, mkosaji hupeleka jani la isale kuomba radhi, na mwishowe pombe hunywewa pamoja. Wahenga nao walimiminiwa sehemu yao katika matambiko. Hapa yatupasa kuwa wakweli kwa historia. Wamisionari wa Leipzig, walioanza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, waliikuta pombe mahali pote hapo pamoja, na shida yao ya kwanza nayo haikuwa ulevi peke yake bali na tambiko. Mambo hayo mawili yalichanganywa katika mahubiri ya baadaye, hata leo wapo washarika wasioweza kueleza kama pombe ilikatazwa kwa kuwa inalevya au kwa kuwa ilikuwa sadaka ya mizimu.

Bruno Gutmann, aliyefika mlimani mwaka 1902 na kufanya kazi huko, pamoja na vipindi vya kurudi Ujerumani, hadi 1938, aliyatazama mambo haya kwa makini kuliko wengi. Katika kitabu chake kinene juu ya sheria ya Wachaga, kilichotoka 1926, na katika maandiko yake mengine, alishikilia kwamba vifungo vitatu ndivyo vinavyomfanya mtu kuwa mtu kati ya watu: ukoo, ujirani na rika. Wengine wamemlaumu, nasi twaona si bila sababu, kwamba aliyapenda mno mambo ya kale na kuyapamba. Hata hivyo juu ya ujirani alikuwa na jicho zuri, na asiyejua ujirani wa Kichaga hawezi kuielewa kata ya pombe.

Funda la kwanza

Sasa tuje kwenye kuonja mbele ya mgeni. Mwenye pombe, au mtu wa nyumba yake, huteka na kunywa kwanza, kisha huwapa wengine. Mgeni wa mijini huona kwamba amekosewa adabu, kwa kuwa amefundishwa kwamba mgeni hutangulizwa. Uchagani, na kwa makabila mengine mengi ya Afrika Mashariki, adabu katika pombe ni kinyume. Pombe ni kinywaji chenye rangi nzito, uchungu na ukali, ambamo kitu kibaya chaweza kufichika kwa urahisi. Watu wa zamani waliogopa sana kulishwa sumu kwa njia ya pombe, na hofu hiyo haijaondoka. Mchungaji yeyote aliyezika mtu aliyefariki ghafula baada ya kutoka pombeni anazijua hadithi zinazofuata. Kwa hiyo anayetangulia kunywa anasema bila maneno: yatakayokupata wewe yatanipata na mimi. Anaweka mwili wake kuwa dhamana. Hakuna kiapo kikubwa kuliko hicho katika maisha ya kila siku ya kijijini, nacho huapwa kila mara kata inapozunguka.

Kwa sababu hiyo, kulijibu tendo hilo kwa neno "sumu" ni kukikana kiapo hadharani. Mwanafunzi wetu angaliweza kusema maneno mia juu ya ubaya wa ulevi, na mama angalicheka na kukubali nusu yake, kwa kuwa wapika pombe huujua ulevi kuliko wahubiri. Neno lile moja tu ndilo ambalo hakupaswa kulisema.

Kuna upande wa pili wa kuonja, ulio mwepesi na wa furaha, nao haufai kusahauliwa. Wazee wakikaa na kata hawanywi kimya, huihukumu pombe. Huyu atasema ulezi ulichipua kidogo, yule atasema ndizi ziliwahi kuepuliwa motoni, wa tatu atataja mgomba wa upande gani wa kijito hutoa tamu kuliko mwingine. Mpikaji husimama karibu akijifanya hasikii. Sifa ya mwanamke kijijini yaweza kutegemea hukumu ya asubuhi moja kama hiyo, na tumemsikia bibi mmoja, mcha Mungu asiyekosa ibada, akikumbuka kwa fahari pombe aliyoipika kwa arusi ya mdogo wake miaka arobaini iliyopita kuliko alivyokumbuka arusi yake mwenyewe.

Nyumba ya Wittenberg

Wasomaji wa Kilutheri hawana haja ya kwenda mbali kutafuta nyumba nyingine iliyopika pombe yake. Katharina von Bora, aliyeolewa na Martin Luther mwezi Juni 1525, alipika pombe ya shayiri katika nyumba iliyokuwa zamani monasteri ya Waagustino huko Wittenberg. Nyumba ile ilikuwa na haki ya kupika, na meza yake ilikuwa kubwa: watoto, yatima wa ukoo, wageni, wakimbizi, na wanafunzi waliolipa posho ili wakae hapo. Mazungumzo ya Mezani ambayo tunayasoma chuoni yalinenwa mbele ya watu waliokuwa wakinywa alichopika Katharina. Luther, alipokuwa Dessau mwaka 1534, alimwandikia mkewe akilalamikia kinywaji kibaya alichokuta huko, akaomba apelekewe chupa ya pombe ya nyumbani. Badala ya msesewe wao hutia maua ya mmea uitwao hopi, ambayo pia huleta uchungu, tena huifanya pombe ikae zaidi. Tofauti hiyo ndogo ina matokeo makubwa: pombe inayokaa husafirishwa, na pombe inayosafirishwa huuzwa kwa mtu usiyemjua.

Lakini Luther huyohuyo, mwaka uleule wa 1534, katika ufafanuzi wake wa Zaburi ya 101, alisema kwamba kila nchi ina shetani wake, na kwamba shetani wa Wajerumani ni ulevi. Na mwezi Mei 1539 alihubiri vikali juu ya kiasi kutoka Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya 4. Anayetaka kumtumia Luther kutetea kilabu cha pombe asiishie kwenye barua ya Dessau.

Kanisa letu lina urithi mwingine pia. Uamsho uliotoka Rwanda na kuenea Afrika Mashariki katika miaka ya 1930 na 1940, ambao ulifika Bukoba na baadaye kusambaa sehemu nyingine, ulifanya kuiacha pombe kuwa alama ya mtu aliyeokoka. Kwa familia nyingi hilo lilikuwa ukombozi hasa. Watoto walipata karo na mama zao waliacha kupigwa. Walutheri wa Tanzania basi wamesimama penye makutano ya mito miwili, mmoja kutoka jikoni mwa Katharina na mwingine kutoka Gahini, na mchungaji kijana hulazimika kuyanywa maji ya yote miwili bila kufundishwa kuyatofautisha.

Maandiko nayo yanahitaji kusomwa kwa utulivu. Neno la Kiebrania shekar, ambalo Biblia yetu ya Kiswahili hulitafsiri "kileo", ni ndugu wa neno la Kiakadi shikaru, yaani pombe ya nafaka. Kumbukumbu la Torati 14:26 hulihesabu miongoni mwa vitu vya kufurahia mbele za Bwana katika karamu. Mambo ya Walawi 10:9 humkataza kuhani kukinywa aingiapo kazini. Isaya 28:7 huwashutumu makuhani na manabii waliopotoshwa nacho. Katika Injili ya Yohana, mkuu wa meza ndiye anayeonja asijue kilikotoka, lakini watumishi walioteka wanajua. Nasi twashangaa kwamba wahubiri huikimbilia mara nyingi 1 Wakorintho 11:21 kwa ajili ya neno moja la ulevi, wakiuacha uzito wa mstari wote. Kosa la Wakorintho lilikuwa kwamba kila mtu alitangulia kula na kunywa chake, mmoja akashiba kupita kiasi na mwingine akabaki na njaa. Mtume anakemea kunywa kusikogawanywa.

Kata inapouzwa

Mtu asidhani kwamba twaandika juu ya kijiji kisichoharibika. Pombe imeuzwa mlimani kwa muda mrefu. Kahawa ilikuwa mali ya baba, na ndizi zilikuwa mali ya mama. Kwa hiyo mbege ilikuwa, na kwa wengi bado ni, njia ya mwanamke kushika fedha yake mwenyewe. Mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipoacha kugawa viwango vya mauzo mwaka 1989 na bei kuanguka, mzigo wa karo na dawa uliangukia pipa la mama zaidi ya kwanza. Baraza la wazee linalomwadhibu mjane kwa kuuza pombe huku likipokea bila swali sadaka ya mwenye duka la chupa lina mengi ya kujieleza.

Walakini kuuza kumebadili maana ya kata. Katika vilabu vingine muuzaji bado hunywa funda la kwanza, lakini hulinywa mara hamsini kwa siku kwa watu asiowajua majina, na dhamana yake imekuwa kama sahihi inayogongwa kwa muhuri. Mnywaji naye hana tena jirani wa kumwambia, "Baba, inatosha, nenda nyumbani." Mwisho wa barabara hiyo tuliuona katika viroba, pombe kali iliyofungwa katika vifuko vya plastiki vya kunywewa na mtu mmoja, aliyejificha, hata mwanafunzi wa shule akiwa amekificha mfukoni. Serikali ya Tanzania ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Gongo ilikuwa imekatazwa kwa sheria tangu 1966, na bado inapikwa.

Inafaa kujua kwamba nchi nyingine zimeuona mpaka huuhuu. Uingereza iliondoa leseni ya kupika pombe ya nyumbani mwaka 1963. Marekani, ambako jambo hilo lilikuwa limebaki kinyume cha sheria tangu siku za marufuku ya vileo, ilitoa ruhusa kwa sheria iliyotiwa sahihi na Rais Carter mwezi Oktoba 1978: galoni 100 kwa mwaka kwa nyumba yenye mtu mzima mmoja, galoni 200 kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi. Tangu hapo wapikaji wa huko hukutana, kila mmoja na chupa zake, wakaonjana na kuhukumiana kwa rangi, harufu na ladha, bila shaka kwa maneno ambayo wazee wetu wangeyaelewa. Wanaweza kupika, kuonja na kugawana. Kuuza hawaruhusiwi. Watunga sheria wale hawakuwa wanatheolojia, lakini waliona kwamba pombe iliyotolewa na pombe iliyouzwa ni vitu viwili.

Yaliyotokea Chitima

Tukiishia hapo tutakuwa tumeisifu desturi kupita haki yake. Januari 2015, huko Chitima katika mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu walikusanyika mazikoni wakanywa pombe iliyopikwa nyumbani. Nako huitwa kwa jina hilohilo, pombe. Watu 75 walikufa na 177 walilazwa hospitalini. Maneno ya kwanza yaliyoenea yalikuwa yale ambayo tungeyasikia hata kwetu, kwamba mtu ametia nyongo ya mamba. Lakini miongoni mwa waliokufa alikuwamo mwanamke aliyeipika. Uchunguzi wa maabara, ambao matokeo yake yalichapishwa baadaye, ulionyesha kwamba hapakuwa na mwuaji. Unga wa mahindi uliotumika ulikuwa na bakteria aitwaye Burkholderia gladioli, atoaye sumu iitwayo asidi ya bonkreki. Sumu hiyo haina rangi, haina harufu, haina ladha, na moto wa jikoni hauiondoi.

Twaomba msomaji alitafakari jambo hili polepole. Mama yule alikuwa mkweli. Alikunywa alichowapa wenzake, na dhamana ya mwili wake ilikuwa halisi kabisa, akaitimiza hata kufa. Bado dhamana hiyo haikumwokoa yeyote. Kuonja hushuhudia nia ya moyo. Hakushuhudii usalama wa unga. Ulimi uliofundishwa miaka hamsini, uwezao kusema ulezi ulichipua siku ngapi, ni kipofu mbele ya sumu hiyo kama ulimi wa mtoto.

Hapa mchungaji ana kazi mbili zisizofanana. Ya kwanza ni ya kawaida, nayo yafaa ifanywe hata na asiyekunywa kamwe: kusema wazi katika vikundi vya akina mama kwamba nafaka iliyolowa, iliyoota ukungu au iliyobadilika harufu isipikwe uji wala pombe, na kwamba isitoswe pipani kwa kudhani uchachu utaificha. Tumemwona mchungaji mmoja akikataa kulisema hilo kwa hofu kwamba ataonekana anafundisha kupika pombe. Hofu ya namna hiyo haifai. Kazi ya pili huja baada ya msiba. Watu wakifa ghafula, kijiji hutafuta mkono uliotia sumu, na mara nyingi mkono unaopatikana ni wa mwanamke, mzee, asiye na mume wa kumtetea. Chitima yatupa neno la kusema siku hiyo kabla kikao cha ukoo hakijakaa: wapo waliokufa wengi pamoja na hapakuwa na mkono wowote.

Kupokea bila kunywa

Tulimwuliza mwanafunzi wetu kwa nini hanywi. Alijibu vizuri. Baba yake alikuwa ameuza mashamba mawili kwa ajili ya pombe. Alitaja pia 1 Timotheo 3:3, na kwamba pombe imeorodheshwa na wataalamu wa Umoja wa Mataifa miongoni mwa visababishi vya saratani tangu 1988, na kwamba Shirika la Afya Duniani lilitangaza Januari 2023 kwamba hakuna kiasi cha kunywa kisicho na hatari kwa afya. Yote hayo ni kweli, nasi hatukumshauri anywe. Warumi 14 hulinda dhamiri ya asiyekunywa sawasawa na inavyolinda ya mwenzake.

Tulichomshauri ni kwamba amwendee yule mzee wa kanisa amwulize. Mzee alimweleza jambo ambalo kila mtoto wa kijiji kile hulijua, na ambalo sisi hatukumfundisha darasani: asiyekunywa huipokea kata kwa mikono miwili, hushukuru, akaigusisha midomo ikiwa dhamiri yake yaruhusu, au asiiguse, kisha humpa aliye kando yake. Basi. Kata imepokewa, kiapo kimesikika, pombe imekwenda kwa mwenye kuitaka. Wanaotumia dawa hufanya hivyo, wajawazito hufanya hivyo, na waliookoka wa zamani walifanya hivyo miaka mingi bila ugomvi. Mzee aliongeza, kwa ukali kidogo, kwamba siku ile alingoja kuona kama chuo kimemfundisha kijana kupokea kitu.

Walikwenda pamoja kwa mama baada ya wiki tatu. Siku hiyo hapakuwa na pombe; ulezi ulikuwa umeanikwa uani na kuku walikuwa wakifukuzwa. Mwanafunzi alimwamkia, akamwambia kwamba alisema neno asilolijua maana yake, na kwamba alikuja kuomba radhi. Mama alimtazama mzee wa kanisa, siyo yeye, akauliza, "Ni wewe uliyemtuma?" Mzee akasema, "Amekuja mwenyewe. Mimi nimemwonyesha njia tu." Mama aliingia ndani, akakaa huko muda mrefu kiasi cha kuwafanya wadhani wamefukuzwa. Alirudi na bakuli la togwa, akanywa funda, akaufuta ukingo, akampa. Mwanafunzi anasema lilikuwa na moshi mwingi na sukari kidogo, na kwamba alilinywa lote.